Kiti Kilichotikisika

Wagonjwa walimweleza daktari wao jambo lisiloingia akilini. Walikuwa na ugonjwa wa Parkinson: mikono inatetemeka hata wakiwa wametulia, misuli imekakamaa, hatua zimekuwa fupi, na hata kugeuka kitandani ni kazi. Ungedhani safari ndefu ingewamaliza kabisa. Wao walisema kinyume. Baada ya saa nyingi ndani ya treni, au ndani ya gari la farasi lililorushwarushwa na mawe ya barabara, walishuka wakiwa wepesi kuliko walivyopanda. Maumivu yamepungua, viungo vimelegea, na nafuu hiyo iliendelea kwa muda hata baada ya safari kwisha.

Daktari aliyesikiliza maneno hayo alikuwa Jean-Martin Charcot, bingwa wa magonjwa ya neva katika hospitali ya Salpêtrière, Paris. Mahali hapo palikuwa zamani kiwanda cha baruti, kisha katika karne ya 17 pakageuzwa makazi ya wanawake maskini na wagonjwa wasio na kwao. Charcot alikabidhiwa idara yake mwaka 1862, akakuta maelfu ya wanawake ambao magonjwa yao hayakuwa hata na majina. Akaanza kuyatenganisha moja baada ya jingine. Ndiye aliyeonyesha kwamba ugonjwa ambao daktari wa London, James Parkinson, aliuandika mwaka 1817 akiwa na wagonjwa sita tu, baadhi yao akiwa amewaona barabarani, haukuwa ugonjwa wa kutetemeka peke yake. Ndani yake mlikuwa pia na ukakamavu wa misuli na ule uzito wa kuanza kila tendo. Charcot ndiye aliyependekeza uitwe kwa jina la Parkinson, na jina likashika.

Kuupa ugonjwa jina si kuuponya. Dawa alizokuwa nazo zilitolewa katika mimea yenye sumu, na zilipunguza kutetemeka kidogo tu huku zikikausha kinywa na kuvuruga akili. Kwa hiyo wagonjwa walipozungumzia treni, Charcot hakuwacheka. Alijiuliza kama ile nafuu ilitokana na safari, na kama ni safari, basi ni kitu gani ndani ya safari. Akaona ni mtikisiko. Akaagiza kitengenezwe kiti kinachoendeshwa kwa umeme, kitakachomtikisa mgonjwa kwa kasi bila kukoma, kama behewa linavyotikisika juu ya reli. Mgonjwa angekaa humo kama nusu saa, kisha ainuke. Mwaka 1892 Charcot alichapisha taarifa yake chini ya jina ambalo kwa Kiswahili tungeliita tiba ya mtetemo. Wagonjwa, alieleza, walilala vizuri zaidi, walihisi wepesi, na yale maumivu ya mwili mzima yanayowakosesha usingizi watu wenye Parkinson yalipoa.

Wazo lenyewe halikuanza kwake. Mwaka 1734 kasisi mmoja Mfaransa, Charles-Irénée Castel de Saint-Pierre, alipendekeza kiti cha kurukaruka kwa ajili ya matajiri wa mjini. Aliamini kwamba mirusho ya gari la safari inasafisha mwili, na kwamba asiyeweza kusafiri aletewe barabara nyumbani. Katika Januari 1865 Gustaf Zander, daktari wa Stockholm, alifungua taasisi ya mazoezi yenye mashine 27. Alipoendelea kuziongeza, zikawamo za kugonga, za kusugua na za kutetemesha, zikizungushwa kwa nguvu ya mvuke. Mashine za mtindo wake zilienea Ulaya na Marekani, na uzao wake ukafika hata baharini: ukumbi wa mazoezi wa meli ya Titanic, mwaka 1912, ulikuwa na farasi wa umeme na ngamia wa umeme.

London nako, Joseph Mortimer Granville alitengeneza kinyundo kidogo cha umeme cha kugonga mahali neva inapopita. Mwaka 1883 alitoa kitabu kizima juu ya kazi yake. Nadharia yake ilikuwa kwamba kila neva ina mtetemo wake wa asili, na maumivu ni mtetemo huo ukiwa umepotoka. Daktari akileta mtetemo mwingine kutoka nje, ule uliopotoka utavunjika, kama nyimbo mbili zisizopatana zinavyovurugana. Nadharia hiyo haikuwa kweli. Hata hivyo Granville aligusa jambo ambalo wengine wangelielewa miaka zaidi ya 80 baadaye: kwamba neva husikiliza mtetemo, na hujibu.

Charcot hakupata muda wa kuendelea. Agosti 1893 alifariki ghafla akiwa safarini katika milima ya Morvan. Mwanafunzi wake Georges Gilles de la Tourette alikuwa tayari ameiendeleza fikra hiyo kwa kofia ya chuma yenye mota juu yake, iliyotetemesha fuvu la mtu mwenye kipandauso au aliyekosa usingizi. Lakini bila mzee mwenyewe, kiti kilisogezwa pembeni.

Nje ya hospitali, mtetemo uliangukia mikononi mwa wachuuzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 magazeti ya Ulaya na Marekani yalijaa matangazo ya vyombo vya kutetemesha, vingine vya umeme, vingine vya kuzungusha kwa mkono kama kisagio. Vilidaiwa kutibu uziwi, baridi yabisi, kukosa choo, unene, uzee na huzuni. Dawa inayotibu kila kitu mwishowe haiaminiwi kwa chochote, na ndivyo ilivyokuwa hapa. Madaktari waliojali majina yao walianza kujitenga na neno lenyewe.

Wakati huohuo upande wa pili wa mtetemo ukajitokeza, na haukujitokeza hospitalini. Mwaka 1918 Alice Hamilton, daktari Mmarekani aliyetumia maisha yake kufuatilia magonjwa ya wafanyakazi, alikwenda Bedford, katika jimbo la Indiana, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa. Wachongaji wa huko walikuwa wameacha nyundo za mkono na kuchukua nyundo zinazoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Asubuhi za baridi vidole vyao vilikuwa vikigeuka vyeupe kama vya maiti, vikifa ganzi, hata wakashindwa kufunga vifungo vya shati. Mkono wa kushoto ndio ulioumia zaidi, kwa sababu ndio ulioshika patasi, na patasi ndiyo iliyopokea mapigo yote. Hamilton aliandika aliyoyaona, na yale maandishi yakawa msingi wa elimu inayowalinda leo watu wa misumeno ya mnyororo na mashine za kutoboa miamba. Mtetemo ule ule unaomlegeza mgonjwa kwa nusu saa unaweza kuiua mishipa ya mtu anayeushika kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka. Tofauti iko katika kasi yake, nguvu yake na muda wake. Mtu yeyote anayezungumzia mtetemo kama tiba bila kutaja vipimo hivyo vitatu hajaanza kusema kitu.

Swali la Charcot lilikaa. Kwa nini mwili uujali mtetemo?

Jibu lilianza kupatikana Uppsala, Sweden, katika miaka ya 1960. Karl-Erik Hagbarth na wenzake walikuwa wakijifunza kupenyeza sindano nyembamba sana ndani ya neva ya mtu aliye macho, wakaweza kusikiliza habari zinazopita humo kama mtu anayesikiliza simu ya jirani. Mwaka 1966 yeye na Göran Eklund walitoa taarifa ya jaribio rahisi. Walifunga mota ndogo inayotetema juu ya kano, pale msuli unaposhikana na mfupa. Baada ya sekunde chache ule msuli ukaanza kujikaza wenyewe, polepole, bila mwenye mkono kuamuru. Walipozima mota, msuli ukalegea.

Ndani ya kila msuli mna nyuzi chache zilizo tofauti na nyingine, zimefungwa ndani ya kifuko chembamba, na neva imezizunguka kama mmea utambaao unavyozunguka mti. Kazi yake si kuvuta mzigo bali kupima: msuli umenyooshwa kiasi gani, na kwa kasi gani. Kila ukinyooshwa kidogo, habari hukimbia hadi uti wa mgongo. Mtetemo huzinyoosha nyuzi hizo makumi ya mara kila sekunde, kwa kiasi kidogo mno. Uti wa mgongo hauna njia ya kujua kwamba ni mota. Unaona msuli unanyooshwa mfululizo, basi unauamuru ujikaze.

Miaka sita baadaye, mwaka 1972, Guy Goodwin, Ian McCloskey na Peter Matthews walikwenda mbali zaidi huko Oxford. Walimfunika mtu macho, wakatetemesha kano ya msuli wa mbele wa mkono, wakamwomba aonyeshe kwa mkono wa pili ule wa kwanza umefika wapi. Alikosea vibaya, kwa makumi ya digrii. Mkono uliokuwa umetulia aliuhisi unanyooka. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba habari za misuli haziingii katika fahamu za mtu, kwamba tunajua mikono yetu iko wapi kupitia maungio ya mifupa peke yake. Jaribio lile liliwalazimisha kubadili vitabu. Eklund naye alionyesha kwamba ukitetemesha kano ya kisigino cha mtu aliyesimama amefumba macho, ataanza kuegemea nyuma. Ubongo wake umedanganywa kwamba mwili unaangukia mbele, nao unajaribu kumwokoa.

Jambo hili linanigusa kila ninapolifikiria. Kusimama wima tunakuona ni jambo la kawaida tangu tulipoachia mkono wa mama na kupiga hatua ya kwanza. Kumbe kila sekunde mashahidi watatu wanatoa ushahidi mbele ya ubongo: macho, sikio la ndani, na misuli pamoja na nyayo. Uzee unapowadhoofisha mashahidi hao, au kisukari kinapoua neva za miguu, ubongo unahukumu kesi ukiwa na ushahidi pungufu, na mtu anaanguka. Mzee akivunjika nyonga hatari haiishii kwenye mfupa, maana wengi hawarudi tena kwenye maisha waliyokuwa nayo.

Ajabu ni kwamba ugunduzi huu wa mtetemo na misuli ulikuja wakati ambapo Parkinson wenyewe ulikuwa umepata dawa. Mwaka 1967 George Cotzias, daktari aliyezaliwa Ugiriki na kufanya kazi Marekani, alionyesha kwamba dopa ikitolewa kwa kipimo kikubwa kinachopandishwa taratibu huwainua wagonjwa waliokuwa wamekwama kama sanamu. Shida ilijulikana sasa: ubongo wao umeishiwa dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe wa mwendo. Nani angekikumbuka kiti?

Walioukumbuka mtetemo kwanza ni watu wa michezo. Katika Muungano wa Kisovieti, Vladimir Nazarov aliutumia katika miaka ya 1980 kuwaongezea nguvu na unyumbufu wanamichezo. Baadaye wataalamu wa anga za juu wakavutiwa, kwa kuwa misuli na mifupa hupungua pale uzito unapoondoka. Huko Berlin, kati ya mwaka 2003 na 2005, vijana 20 walikubali kulala kitandani siku 56 bila kuinuka. Nusu yao walifanya mazoezi wakiwa wamelala, miguu ikisukuma bamba linalotetema. Walipoteza misuli na mifupa kidogo kuliko wenzao.

Kilichotangaza mtetemo duniani kote, hata hivyo, kilikuwa kondoo. Mwaka 2001 Clinton Rubin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, walieleza katika jarida la *Nature* jinsi walivyowasimamisha kondoo jike wazima, miguu ya nyuma ikiwa juu ya bamba, dakika 20 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mwaka mzima. Bamba lilitetema mara 30 kwa sekunde, kwa nguvu ndogo ambayo mtu angeihisi kwa shida. Mwishoni mwa mwaka, mfupa wa sponji katika sehemu ya juu ya paja ulikuwa na msongamano uliozidi kwa asilimia 34 ule wa kondoo wasiotetemeshwa. Wanawake wenye mifupa inayopukutika kwa uzee waliposikia habari hizo, walitumaini. Wafanyabiashara nao walitumaini, na mabamba yanayotetema yakaingia madukani.

Binadamu hakuwa kondoo. Toronto, wanawake 202 waliokwisha koma hedhi walifuatwa kwa mwaka mmoja, na mifupa yao haikunufaika. Boston, wazee 174 wenye wastani wa umri wa zaidi ya miaka 80 walisimama juu ya bamba dakika 10 kila siku kwa miaka miwili. Matokeo yalipotolewa mwaka 2015, mifupa yao haikuwa na tofauti na ya wale waliosimama juu ya bamba lililotulia.

Lakini Hong Kong ilileta habari nyingine. Kwok-Sui Leung na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kichina waliwafuata wanawake wazee 710 waishio majumbani mwao kwa miezi 18. Wengine walifika kituo cha jirani kusimama juu ya bamba dakika 20, siku tano kwa wiki. Wengine waliendelea na maisha yao. Taarifa ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba mifupa haikubadilika kwa kiasi cha kutajika. Walichopata ni kusimama imara: katika kundi la bamba walioanguka, au kuvunjika kwa kuanguka, walikuwa chini ya mmoja kati ya watano, na katika kundi la pili walikaribia watatu kati ya kumi.  Misuli ya miguu yao ilikuwa na nguvu zaidi, na mwili ulijua kujizuia. Lakini tukumbuke kwamba wale wa kundi la pili hawakusimamishwa juu ya bamba lililotulia kama wenzao wa Boston. Kutoka nyumbani siku tano kwa wiki na kukutana na majirani pia ni aina ya dawa, nasi hatuwezi kuiondoa katika hesabu.

Tayari mwaka 2003, Boston, kundi la James Collins lilikuwa limeonyesha njia ya ajabu zaidi. Walitengeneza soli laini zenye vitetemeshi vidogo, wakaviweka chini ya nguvu ambayo mtu anaweza kuihisi. Aliyesimama juu yake hakujua kama vinafanya kazi au vimezimwa. Mtetemo wenyewe haukuwa na mpangilio, kama mchakarisho wa redio isiyoshika stesheni. Hata hivyo vikiwashwa, kuyumba kwa watu kulipungua, na wazee walinufaika kuliko vijana. Mwaka 2006 walipata matokeo yanayofanana kwa watu ambao kisukari kimeharibu neva za miguu, na kwa waliopatwa na kiharusi.

Kelele inasaidiaje kusikia? Fikiria mtumbwi uliokaa mchangani maji yakijaa. Maji yamekaribia kuufanya uelee lakini hayajatosha. Vijiwimbi vidogo vikija, kila kimoja kinauinua kidogo, mara unaelea. Neva iliyozeeka ni mtumbwi huo. Habari kutoka unyayoni inafika lakini haitoshi kuiamsha, na mtetemo hafifu unaiongezea kile kidogo kilichopungua. Jambo hili lilielezwa kwanza mwaka 1981 na Roberto Benzi na wenzake, Waitalia waliokuwa wakichunguza vipindi vya barafu duniani, kabla halijafika kwenye miguu ya wazee.

Ndipo watafiti waliporudi kwa Charcot. Mwaka 2006 Christian Haas na wenzake wa Frankfurt waliwapandisha wagonjwa 68 wa Parkinson juu ya bamba lenye mtetemo usio na mpangilio, mara tano kwa dakika moja moja. Vipimo vya mwendo na mikono viliboreka kwa karibu asilimia 17. Ilionekana mzee wa Paris alikuwa sahihi. Lakini mwaka 2009 watafiti wa A Coruña, Hispania, walilinganisha wagonjwa waliotetemeshwa na wengine waliodhani wanatetemeshwa, na makundi yote mawili yakapata nafuu sawa.

Kisha Chicago, kundi la Christopher Goetz, daktari anayejua historia ya Charcot kuliko wengi, lilikifufua kiti chenyewe. Wagonjwa 23 waligawanywa kwa kura. Wengine walikaa nusu saa kila siku kwa mwezi mmoja ndani ya kiti kinachotetema, wengine wakapumzika bila mtetemo. Matokeo yalitolewa mwaka 2012, miaka 120 baada ya taarifa ya Charcot. Waliotetemeshwa walipata nafuu. Wasiotetemeshwa nao walipata nafuu, na hakukuwa na tofauti ya maana kati yao.

Kwa hiyo wale wagonjwa wa treni hawakusema uongo. Walishuka kweli wakiwa wepesi. Huenda kilichowasaidia ni saa nyingi za kuketi na kusubiri jambo jema mwisho wa njia. Matarajio hayo si mawazo matupu: uchunguzi wa ubongo wa watu wenye Parkinson, uliotolewa Canada mwaka 2001, ulionyesha kwamba mgonjwa anayeamini amepewa dawa huachilia dopamini yake mwenyewe. Charcot aliwasikiliza vizuri. Alichokosa ni kiti cha pili, kilichotulia, karibu na kile kinachotikisika.

Ninaandika haya nikiwafikiria wanaouguza wazazi. Mtetemo si upuuzi, na si muujiza. Kwa mtu anayepoteza usawa wa mwili unaweza kuwa msaada, chini ya macho ya mtaalamu wa viungo, pamoja na mazoezi ya miguu na bila kuacha dawa. Mwenye ujauzito, mwenye damu iliyoganda mshipani au aliyevunjika hivi karibuni asipande juu ya bamba lolote. Na mashine inayouzwa kwa ahadi ya kuponya kila kitu imekwisha kuuzwa mara moja, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Lakini mama akikuambia kwamba alishuka garini miguu ikiwa miepesi, msikilize, kisha mpelekee daktari wake maneno hayohayo kama alivyoyasema.